Vyama Vinapoachiana Kata: Haki ya Mpiga Kura katika Mapatano

(Hotuba iliyotolewa msikitini mbele ya jamaa baada ya swala ya Alasiri)



Napenda leo niseme nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona kuwa ni la viongozi wa vyama peke yao, nalo ni mapatano ya vyama katika uchaguzi wa serikali za mitaa na wa madiwani. Kila msimu wa uchaguzi unapokaribia tunasikia kwamba chama fulani kimekubaliana na chama fulani, hiki kisimamishe mgombea katika kata hii na kile katika kata ile. Wako wanaofurahi wakasema umoja ni nguvu. Wako wanaonung'unika wakasema hizo ni njama. Ila ni wachache wanaouliza: mapatano hayo yanamhusu nini mtu wa kawaida anayekwenda kupanga foleni tangu alfajiri ili apige kura yake?

Sikusimama hapa kumpigia debe mtu yeyote. Humu msikitini wamo wanachama wa vyama mbalimbali, na wamo wasiokuwa na chama, na wote ni ndugu. Ninalotaka kulisema ni hili: vyama viwili vinapopatana kuachiana kata, mpiga kura wa kata hiyo ni mshirika wa tatu wa mapatano hayo, kwani kura inayotolewa na chama hiki na kupokelewa na chama kile ni yake. Kwa hiyo anayo haki ya kuyajua mapatano kabla ya siku ya kura, kuyafahamu masharti yake, na kuwadai waliopatana wayatimize. Mapatano yanayofichwa asiyaone ni sawa na watu wawili kuuziana shamba la mtu wa tatu.

Uchaguzi unaoitwa mdogo

Baadhi ya watu huudharau uchaguzi wa mitaa na madiwani, wakasema kwamba mambo makubwa yako kwenye urais na ubunge. Lakini tazameni ni nani anayegusa maisha yetu ya kila siku. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mtu akitaka barua ya utambulisho, iwe ni ya kumdhamini ndugu yake au ya kufungua akaunti, anaelekezwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa wake. Ushuru wa soko, uzoaji wa taka, ukarabati wa zahanati na barabara ya kata hujadiliwa na madiwani katika baraza lao. Na madiwani hao ndio wanaomchagua meya au mwenyekiti wa halmashauri. Basi anayesema uchaguzi huu ni mdogo hajapata kunyang'anywa shamba na kikao cha kijiji ambacho hakuhudhuria.

Hesabu ya mapatano

Kwanza tuifahamu hesabu yenyewe, kwani bila hesabu hatuwezi kujua kwa nini vyama hutafutana. Katika kata zetu anashinda yule aliyepata kura nyingi kuliko kila mwingine, hata kama hakufika nusu. Tuchukue kata ya mfano yenye wapiga kura 1,000. Chama cha kwanza kinapata kura 420, cha pili 350 na cha tatu 230. Chama cha kwanza kimeshinda, ingawa watu 580 hawakukitaka. Ndipo viongozi wa chama cha pili na cha tatu wanapokaa na kusema: tukiungana tutakuwa na kura 580, ushindi ni wetu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kura si matofali ya kuhamishwa kwa toroli kutoka kiwanja kimoja hadi kingine. Wale watu 230 wana akili zao na sababu zao. Wengine watamfuata mgombea wa chama cha pili, wengine watakaa nyumbani, na wengine watakwenda kwa chama kile kile cha kwanza. Ikiwa wote wanaobaki watakaa nyumbani, chama cha pili kinahitaji watu 71 tu kati ya wale 230 ili kifikishe kura 421. Idadi hiyo ni chini ya theluthi. Lakini wakija 60 tu, kitapata 410, nacho kimeshindwa pamoja na mapatano yake yote. Je, ni kitu gani kitakachowaleta hao 71? Sahihi za viongozi makao makuu haziwaleti. Watakuja pale watakapoelezwa sababu na wakairidhia. Hivyo hata kwa hesabu tupu, kabla hatujafika kwenye haki na uadilifu, mapatano yasiyomheshimu mpiga kura hayana faida.

Mfano wa nyumbani

Tuanze na nchi yetu ya Tanzania. Mwaka 2014, ndani ya Bunge Maalum la Katiba, vyama kadhaa vya upinzani vilianzisha Umoja wa Katiba ya Wananchi, yaani UKAWA. Wabunge wake walitoka nje ya Bunge hilo mwezi wa Aprili, na Oktoba mwaka huo huo vyama vya Chadema, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD vilitia sahihi makubaliano ya kushirikiana katika chaguzi. Mtihani wa kwanza ulikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 14 Desemba 2014. CCM ilishinda sehemu kubwa: takriban asilimia 80 ya vijiji na theluthi mbili hivi ya mitaa. Lakini katika mitaa, yaani maeneo ya mijini, Chadema peke yake ilipata karibu robo ya wenyeviti, na CUF ikapata sehemu yake.

Mwaka uliofuata ulikuja uchaguzi mkuu wa Oktoba 2015. Jina la UKAWA halikuwamo kwenye karatasi ya kura. Lilikuwamo jina la chama kimoja kimoja. Kwa hiyo njia ya kushirikiana ilikuwa ni kuachiana: hapa msimame ninyi, pale tusimame sisi. Palipoachianwa kwa kweli, matunda yalionekana. Jijini Dar es Salaam madiwani wa umoja huo waliunganisha kura zao ndani ya mabaraza na kupata umeya wa Kinondoni na wa Ilala, na mwezi wa Machi 2016, baada ya uchaguzi kuahirishwa mara kadhaa, wakapata pia umeya wa Jiji. Ushirikiano huo wa ndani ya baraza haukumshangaza mtu, kwani ulikuwa umetangazwa mbele ya wananchi kabla ya kura.

Pasipoachianwa, mambo yalikuwa kinyume. Katika jimbo la Segerea, humo humo Dar es Salaam, CUF ilisimamisha mgombea wake wa ubunge na Chadema nayo ikasimamisha wake. Mpiga kura aliyeambiwa kwamba vyama hivi ni kitu kimoja alikuta majina mawili kwenye karatasi. Kura zikagawanyika mafungu mawili, na mgombea wa CCM akashinda. Sioni sababu ya kumlaumu mpiga kura wa Segerea. Walioandika mapatano ndio walioshindwa kuyasoma.

Lazima pia tuwatendee haki walio ndani ya vyama, kwani kuacha kata si jambo jepesi. Viti maalum vya madiwani wanawake hugawanywa kwa kufuata uwiano wa viti ambavyo kila chama kimepata katika halmashauri. Chama kinachoacha kata kinaacha pia sehemu ya hesabu hiyo, na mama aliyetumikia tawi lake kwa miaka mingi anaweza kukosa nafasi kwa ajili ya uamuzi uliofanyika mbali naye. Ndiyo maana mapatano yanayopangwa na watu wachache huvunjika chini kwenye kata, hata yakishangiliwa vipi kwenye mkutano wa hadhara.

UKAWA nao haukudumu. Mgogoro wa uongozi uliozuka ndani ya CUF mwaka 2016 ulikigawa chama hicho, na ulipofika uchaguzi wa mitaa wa mwaka 2019 umoja ule haukuwa na nguvu tena.

Mfano wa Richmond

Sasa tutoke nje kidogo. Nimeichagua Uingereza kwa sababu kanuni yetu ya aliyepata kura nyingi ndiye mshindi ilitoka huko, nasi tunaweza kupima jambo lao kwa kipimo chetu wenyewe.

Magharibi ya London kuna halmashauri inayoitwa Richmond upon Thames. Ina kata 18, na kila kata huchagua madiwani watatu, jumla 54. Mwaka 2014 chama cha Conservative kilipata viti 39 na Liberal Democrats viti 15. Chama kidogo cha Green, ambacho hoja yake kubwa ni kulinda mazingira, hakikupata hata kimoja.

Desemba 2016 ulifanyika uchaguzi mdogo wa ubunge katika jimbo la Richmond Park. Chama cha Green kiliamua kutosimamisha mgombea, na mgombea wa Liberal Democrats akashinda kwa tofauti ya kura 1,872. Yule mdogo alikuwa wa kwanza kutoa. Ulipofika uchaguzi wa madiwani wa Mei 2018, ikawa zamu ya mkubwa kulipa. Katika baadhi ya kata, Liberal Democrats hawakusimamisha wagombea watatu. Walisimamisha wawili na kumwachia mgombea wa Green nafasi ya tatu, na wapiga kura wakaombwa wazi wazi kuwachagua wote watatu. Matokeo yakawa Liberal Democrats 39, Conservative 11 na Green 4. Mwaka 2022 walishirikiana tena, na matokeo yakawa Liberal Democrats 48, Green 5 na Conservative 1.

Tunajifunza nini hapa? Aliye mkubwa alitoa kitu kinachoonekana, kiti kinachohesabika. Hakumwambia mdogo wake, "Niunge mkono leo, nitakukumbuka kesho." Tena mpiga kura alisoma mapatano kwenye karatasi ya kura yenyewe: wagombea wawili wa huku, mmoja wa huku. Asiyeyapenda alikuwa huru kuwapigia wengine.

Pamoja na sifa hizo, tusifumbe macho. Baraza lenye madiwani 48 wa chama kimoja na mpinzani mmoja tu wa Conservative lina hatari yake, kwani wanaokagua matumizi ya fedha wanakuwa wachache. Walioshinda kwa mapatano wanapaswa kuogopa zaidi, na wale 5 wa Green ndio wenye wajibu wa kuuliza maswali magumu hata kwa marafiki zao.

Mfano wa Aberdeen

Huko huko Uingereza, katika Scotland, upo mfano wa namna nyingine. Kule madiwani huchaguliwa kwa utaratibu wa kupanga wagombea kwa namba: mpiga kura huandika 1 kwa anayempenda zaidi, 2 kwa anayemfuatia, na kuendelea. Utaratibu huo ulianza kutumika mwaka 2007, na katika uchaguzi huo halmashauri 27 kati ya 32 hazikuwa na chama chenye zaidi ya nusu ya viti. Kwa hiyo mapatano mengi hufanyika baada ya kura, wakati wa kuunda uongozi wa baraza.

Mei 2017 katika mji wa Aberdeen, chama cha SNP kilipata madiwani wengi kuliko chama kingine chochote, lakini hakikufika nusu. Madiwani 9 wa chama cha Labour wakapatana na chama cha Conservative, ambacho ni mpinzani wao wa miaka mingi, wakaunda uongozi pamoja. Uongozi wa Labour wa Scotland haukuyakubali mapatano hayo, ukawasimamisha uanachama wote 9.

Sitaki kuhukumu nani alikuwa na haki. Huenda madiwani wale waliona kwamba bila mapatano mji usingeendeshwa, na kila baraza linahitaji wingi ili lipitishe bajeti. Lakini fikirini hali ya mtu aliyeandika namba 1 mbele ya jina la Labour ili Conservative wasitawale, kisha akaamka na kukuta kura yake imewasaidia kutawala. Fikirini pia hali ya diwani ambaye chama chake kinamwambia hivi na baraza linamwambia vile. Fitina ya namna hiyo hupungua sana pale chama kinaposema mapema, kabla ya kura: "Tukikosa wingi, tutakuwa tayari kufanya kazi na hawa, hatutafanya kazi na wale, na sababu zetu ni hizi."

Mapatano ya Makka

Waislamu hatukuanza leo kusikia habari za watu wa makundi mbalimbali kuungana kwa jambo moja. Kabla ya utume, mfanyabiashara mgeni kutoka Yaman alidhulumiwa bei ya bidhaa zake na mtu mkubwa wa Makka, na hakukuwa na ukoo wa kumtetea. Ndipo baadhi ya koo zikakutana katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an na kula kiapo cha kumsaidia kila aliyedhulumiwa mpaka apewe haki yake. Mapatano hayo yanaitwa Hilful Fudhul, na Mtume Mtukufu (s.a.w.) alihudhuria akiwa kijana. Baadaye, hata baada ya kupewa utume, aliyakumbuka kwa heshima na kusema kwamba kama angeitwa tena kwa mapatano kama hayo angeitika.

Angalieni namna yalivyokuwa. Koo zile hazikuwa na fikra moja katika kila jambo, na ziliendelea kutofautiana. Zilipatana juu ya jambo moja lililotajwa waziwazi, na mnufaika wa kwanza alikuwa mnyonge ambaye hakuwamo katika kikao. Hicho ndicho kipimo ninachowaomba mkitumie.

Maswali ya kuuliza

Ndugu zangu, ukifika tena msimu wa uchaguzi, na mgombea akaja barazani kwako akasema kwamba chama chake kimeungana na kingine, muulize kwa adabu maswali manne.

La kwanza: mapatano haya yametangazwa lini? Yanayotangazwa kabla ya fomu za uteuzi kurudishwa yana maana, kwa sababu bado kila mmoja anaweza kuamua. Yanayozuka usiku wa kuamkia kura yana walakini.

La pili: mmepatana kufanya nini? Kumwondoa fulani si kazi ya kutosha. Atakapoondoka, soko litajengwa? Mapato na matumizi yatasomwa kwenye mkutano wa mtaa? Nani atakuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha? Wapatane kwa maandishi.

La tatu: kila upande umeacha nini? Ukiona upande mmoja unatoa na mwingine unapokea tu, ujue mapatano hayo hayatafika mwaka wa pili.

La nne: yakivunjwa, nimwendee nani? Ahadi ni deni, na deni lisilo na mdaiwa anayejulikana halilipwi. Tumeamrishwa kutimiza mapatano yetu, na amri hiyo haikubagua mapatano ya ndoa, ya biashara wala ya siasa.

Na ukishaulizwa wewe, mwanachama wa chama kilichoacha kata, timiza sehemu yako. Ikiwa umeridhia mapatano, mpigie kampeni mgombea wa wenzako kama ungempigia wa kwako. Ikiwa hukuridhia, sema wazi katika kikao, wala usikubali mchana na kuharibu usiku.

Mipaka ya mapatano

Mwisho, haifai niwape matumaini yasiyo na msingi. Ushirikiano wa vyama unafaa pale tu majina ya wagombea yanapofika kwenye karatasi ya kura. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa katika hatua ya uteuzi, vyama kadhaa vikajitoa, na katika uchaguzi wa tarehe 24 Novemba CCM ikatangazwa mshindi katika zaidi ya asilimia 99 ya vijiji, wengi wakipita bila kupingwa. Katika uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 malalamiko ya kuenguliwa yalisikika tena, na CCM ikatangazwa kushinda takriban asilimia 99 ya vijiji na mitaa. Pale ambapo mwananchi anakuta jina moja tu, hakuna kuachiana wala kuungana. Hesabu zote nilizowaonyesha zinakoma.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya vyama vyote, kile kinachotawala na vile vinavyopinga, ni kuhakikisha kwamba fomu iliyojazwa sawasawa inapokelewa, na rufaa inasikilizwa kwa haki. Chama kinachotawala nacho kinanufaika, kwani mwenyekiti aliyeshindanishwa akashinda huheshimiwa na mtaa mzima, hata na wale waliomnyima kura. Nasi tunaoitwa kuwa mawakala, makarani na wasimamizi tuikumbuke siku ambayo kila mmoja ataulizwa juu ya amana aliyokabidhiwa.

Mwenyezi Mungu awajalie viongozi wetu kutimiza ahadi zao, atujalie sisi kuuliza bila woga na bila matusi, na aidumishe amani katika mitaa yetu, kabla ya uchaguzi na baada yake. Amin.